Aibu Ile Haikuwa Yangu

Naanza kwa kusema kwamba Cairo naipenda. Niliishi pale nikisoma, kuanzia mwaka 2016 hadi 2020, na mema niliyoyapata siwezi kuyamaliza: darsa za alasiri kwenye baraza za misikiti ya zamani, kosheri ya moto usiku wa baridi, majirani waliotugongea mlango kila Idi wakiwa na sahani ya kahki, biskuti za sikukuu, mikononi. Natanguliza hilo makusudi. Ninalotaka kulishuhudia ni jambo baya, na sitaki mtu alichukue akalifanye ushahidi kwamba watu wa taifa fulani ndivyo walivyo. Wanaume walionisumbua barabarani walikuwa Wamisri. Walioniokoa, wakanifunza na kujiokoa, walikuwa Wamisri vilevile.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu binti akisafiri huusiwa, nami niliusiwa na kila mtu, lakini usia niliouweka moyoni ni wa mama yangu: "Mwanangu, jisitiri. Inamisha macho. Ukisemeshwa na usiyemjua, pita kama hukusikia. Mwanamke anayejiheshimu haguswi." Aliyasema kwa mapenzi, kama alivyoambiwa naye na mama yake. Nilifungasha mabuibui na mitandio, nikaondoka nikiamini nimebeba kinga kamili.

Tulipanga fleti wasichana wanne huko Madinat Nasr, mtaa uliojaa wanafunzi wa kigeni. Kutoka mlangoni kwetu hadi kituo cha basi hapakuwa mbali, lakini njia ile niliijua kama mtu anavyojua ngazi mbovu za nyumba yake. Hapa kona ya vijana wanaoegemea magari wakipiga mbinja. Pale gereji ambayo mafundi wake wataita "ya samra," ewe mweusi, mpaka upotee machoni. Mbele kidogo kuna gari litakalopunguza mwendo, likutambae ubavuni huku dereva akipiga honi fupi fupi. Wengine walituita "shokolata." Sisi weusi tulipigwa mara mbili, kwa uanamke wetu na kwa rangi yetu, na dada zetu kutoka Sudan na Sudan Kusini ndio waliobeba zaidi, maana wengi wao walikuwa wakimbizi na walijua wakilalamika hawana pa kukimbilia.

Mwenyeji wetu katika fleti alikuwa dada mmoja wa Lamu aliyetutangulia kwa miaka. Naye alinipa ushauri uleule wa nyumbani. "Usimjibu, mdogo wangu. Ukimjibu umempa anachokitaka. Wewe pita."

Nikapita. Nilipita hivyo kwa muda mrefu, na huku nikipita maisha yangu yalikuwa yanapungua. Niliacha kwenda maktaba jioni. Mkate nikanunua asubuhi tu, kabla vijana hawajaamka. Nilikuwa nimejiandikisha darasa la khati, uandishi wa Kiarabu wa mapambo, jambo nililolitamani tangu utotoni, nikaliacha kwa kuwa lilimalizika baada ya Magharibi. Nikaanza kujikagua mbele ya kioo kila ninapotoka: ni mtandio huu? Ni mwendo wangu? Ni viatu vinalia? Mwisho nikavaa nikabu, nikabaki macho peke yake, na joto lile la Julai. Siku ya pili tu mwanamume mmoja alinifuata kutoka duka la dawa hadi karibu na nyumbani, ananinong'onezea maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Siku ile ndipo nilipoanza kushuku kwamba nguo hazina kosa. Baadaye nilisoma takwimu nikapata jibu kamili. Mwaka 2008 Kituo cha Misri cha Haki za Wanawake kilihoji wanawake kuhusu jambo hili: wageni asilimia 98 na Wamisri asilimia 83 walisema wamewahi kusumbuliwa. Uchunguzi wa UN Women wa mwaka 2013 ulikuta asilimia 99.3 ya wanawake wa Misri waliohojiwa wamepatwa. Katika nchi ambayo wanawake wengi wanavaa hijabu, hesabu kama hiyo haimwachii mtu nafasi ya kusema kwamba tatizo ni vazi.

Lakini takwimu hazikunibadilisha. Aliyenibadilisha ni mwanamke mmoja ndani ya maikrobasi.

Maikrobasi za Cairo ni kama daladala zetu za Hiace, isipokuwa nyingi hazina konda. Nauli hupita mikononi. Aliye nyuma humgusa wa mbele begani, humpa sarafu, huyo humpa wa mbele yake, na pesa hutambaa hivyo hadi kwa dereva. Chenji nayo hurudi kwa njia ileile, huku watu wakihesabiana kwa sauti. Ni utaratibu mzuri sana wa kuaminiana, na ndio uliotumiwa siku hiyo kunidhuru. Tulikuwa tumetoka Ramses. Mwanamume aliyekaa nyuma yangu alinigusa bega, nikapokea pesa zake, nikazipitisha mbele. Kisha mkono wake ukarudi. Safari hii ulipenya kwenye uwazi uliopo kati ya kiti na dirisha, ukaniingia chini ya kwapa, ukatulia kifuani.

Sikupiga kelele. Koo lilifunga. Niliangalia vidole vile, vyenye kucha safi zilizokatwa vizuri, kama vile vipo juu ya mwili wa mtu mwingine. Nilichoweza ni kubana mkono wangu na kujisogeza, na nikisogea naye anasogea.

Pembeni yangu alikaa mama wa makamo, mnene, amepakata mfuko wa nailoni wenye mafungu ya jirjiri, mboga ya majani. Sijui aliona nini kwanza, uso wangu au mkono ule. Aligeuka mzimamzima, akapaza sauti ambayo hata dereva alishtuka: "Ihtirim nafsak!" Jiheshimu! Akarudia. Kisha akamwambia dereva asimamishe gari.

Gari lote likaamka. Yule mwanamume akaapa kwamba alikuwa anadai chenji yake. Mzee wa kanzu aliyekaa mlangoni akamuuliza, chenji gani inayodaiwa kwa kupapasa watoto wa watu? Mwingine akasema "eib aleik," aibu yako. Tulikuwa tumefika karibu na Abbasiya, dereva akapaki kando ya barabara. Akachukua nauli ya yule bwana, akaitoa nyuma bila kugeuka, na abiria wakaipitisha mkono kwa mkono, kimya, mpaka ikamfikia mwenyewe. Akashuka.

Nilidhani mama yule atanipa pole. Akanigeukia kwa ukali. "Ya binti, sauti yako iko wapi?" Nikasema niliona haya. "Haya za nini? Aibu hii ni yake. Akiona wewe umeibeba, atakuachia aende zake mikono mitupu." Akanitaka niseme na mimi yale maneno. Nikayasema kwa Kiarabu changu cha vitabuni, kwa sauti ndogo. Hakuridhika. Akanishika tumbo kwa kiganja chake kinachonukia majani mabichi, akasema sauti itoke hapa, si mdomoni. Tulirudia mpaka mzee wa kanzu akasema sasa imefaa.

Nililia nilipofika nyumbani, na sikulia kwa huzuni.

Mara ya kwanza kuyatumia maneno yale ilikuwa Ataba, kwenye vibanda vya vitabu vikuukuu vya Ezbekiya. Kijana alinifuata kutoka kibanda hadi kibanda. Nilikwenda nikasimama mbele ya muuza vitabu mmoja mzee, chini ya taa yake, nikageuka na kusema kwa sauti ya tumboni. Kijana hakunijibu. Muuza vitabu akainuka, wa kibanda cha pili naye akainuka, na nilipoangalia tena yule kijana hakuwepo. Nikaelewa jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ushuhuda huu. Sauti ile haimlengi msumbufu. Msumbufu anajua anachofanya. Inawalenga waliopo. Ukinyamaza, unawaacha wabaki watazamaji, na wengi hawana hakika hata ya wanachokiona: labda ni mume na mke, labda wanajuana. Ukipaza sauti, umewalazimu wachague upande, na ajabu ni kwamba wengi wanachagua upande wako.

Nilikuja kugundua kwamba wapo Wamisri waliokwisha kulifikiri hili kwa kina. Tangu mwaka 2010 mradi uitwao HarassMap ulikuwa ukipokea taarifa za wanawake kwa ujumbe mfupi wa simu na kuziweka kwenye ramani, halafu vijana wa kujitolea wanakwenda mitaani kuzungumza na mabawabu, wenye maduka na wauza magazeti, wakiwaomba wasivumilie usumbufu mbele ya milango yao. Nani aliye barabarani siku nzima kama si watu hao?

Mimi nikaanza na salamu. Wenzangu walinionya kwamba mwanamke akisalimia wanaume wa mtaa atafikiriwa vibaya, nami nilikuwa nimewatii. Lakini mtu wa pwani kumpita mtu mzima kimya ni mateso. Nikaanza na bawabu wetu, mzee wa Aswan aliyekuwa akishinda kwenye benchi lake karibu na lango. "Asalaam alaykum, ya amm." Nikaongeza muuza nanaa na bibi aliyekaa naye. Nikaongeza mwenye duka la dawa, kisha fundi mkuu wa ile gereji, ambaye nilimuuliza habari za watoto wake mbele ya vijana wake wote. Haikuchukua muda vijana wale wakaacha. Nilikuwa sasa ni mtu, nina jina, ni mwanafunzi wa jengo la amm fulani. Usiku mmoja gari lilipoanza mchezo wake wa kunitambaa, bawabu aliinuka na fimbo yake hata kabla sijaita.

Sitaki kumdanganya msichana yeyote kwamba sauti na salamu zinatosha kila mahali. Pasipo na watu usipaze sauti, ondoka, elekea kwenye taa na duka lililo wazi. Mikusanyiko mikubwa ina hatari yake. Kilichotokea katikati ya mji Idi ya mwaka 2006, makundi ya wanaume yakiwavamia wanawake hadharani, kinajulikana Cairo nzima, na mashambulizi ya uwanja wa Tahrir katika miaka ya maandamano yalikuwa mabaya zaidi. Idi sisi tulikaa nje ya katikati ya mji. Katika metro nilipanda mabehewa ya wanawake, yale mawili ya katikati ya treni, moja la siku nzima na la pili hadi saa 3 usiku. Baada ya Magharibi hatukupanda teksi ya kusimamisha barabarani. Tuliita gari kwa simu, tukampelekea mwenzetu namba yake. Mambo hayo nilianza kuyafanya kwa hofu, nikaendelea kuyafanya bila hofu. Na darasa la khati nikalirudia.

Mwezi Agosti 2018 likatokea jambo lililonigusa kuliko yote. Kulikuwa na mjadala mkali nchini baada ya visa kadhaa, na Al-Azhar, taasisi kuu ya Kiislamu ya Misri, ikatoa tamko: kumsumbua mwanamke ni haramu, lawama ni za msumbufu bila sharti lolote, na vazi la mwanamke au mwenendo wake haviwezi kuwa kisingizio. Kwa binti aliyelelewa kama mimi, tamko la Al-Azhar si habari ya gazeti tu. Nililitafsiri lote, nikamsomea mama kwa simu usiku ule, nikamsimulia na yaliyonipata kwenye maikrobasi.

Mama alinyamaza. Nikafikiri simu imekatika. Kisha akaniuliza taratibu kama kwenye lile basi nilikuwa peke yangu. Nikamwambia alikuwepo mama mmoja wa Kimisri. Akasema, "Mungu amlipe." Halafu akanieleza lililompata yeye akiwa msichana, ndani ya treni ya kwenda Moshi, behewa limejaa, na mtu aliyekuwa akijulikana kwao. Hakuwahi kumwambia yeyote. Baba yangu amekufa bila kujua. Miaka yote ile aliponiambia mwanamke anayejiheshimu haguswi, alikuwa anajihukumu mwenyewe. Tangu usiku ule hajalitamka tena neno lile, wala kwa wajukuu.

Upande wa sheria sitausifu kupita kiasi. Rafiki yangu mmoja wa Kampala alishikwa na kijana wa pikipiki, wapita njia wakamkamata yule kijana, tukaenda naye kituoni. Sheria ilikuwepo: tangu Juni 2014 kanuni ya adhabu ya Misri ilikuwa imeweka kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua paundi 3,000, au vyote viwili. Lakini afisa aliyetupokea alianza kwa kuuliza rafiki yangu alikuwa amevaa nini, akaendelea kwa kumwomba asimharibie kijana maisha yake. Rafiki yangu alishikilia mpaka malalamiko yakaandikwa. Baada ya hapo mama wa kijana akawa anakuja mlangoni kwetu kulia, siku baada ya siku, na mwishowe rafiki yangu akafuta kesi. Simlaumu. Alikuwa mgeni, ana mitihani, na mama mzima amemshika miguu.

Ndiyo maana namheshimu sana Noha Rushdi, msichana wa Kimisri ambaye mwaka 2008, kabla sheria hiyo haijawepo, alimng'ang'ania dereva aliyemshika barabarani mpaka akafika naye polisi, na mahakama ikamfunga mtu yule miaka 3. Namheshimu pia Nadeen Ashraf, mwanafunzi ambaye mwaka 2020 alikusanya kwenye ukurasa wake wa Instagram shuhuda za wasichana dhidi ya mwanamume mmoja, mpaka mtu huyo akafikishwa mahakamani. Mwaka uleule bunge lilipitisha sheria ya kuficha majina ya wanaolalamika, na mwaka 2021 adhabu ikapandishwa hadi kifungo cha miaka 2 mpaka 4, au faini ya paundi 100,000 hadi 200,000, au vyote viwili. Wanawake wenyewe ndio waliovuta mambo hayo mbele, mmoja mmoja, kwa kukataa kunyamaza.

Niliporudi Tanga nilikuwa na macho mapya, na niliyoyaona hayakunifurahisha. Stendi, jioni, konda alisimama mlangoni mwa daladala amemzuia mwanafunzi wa sekondari. Kamshika mkono, anamvuta, anamwambia akitaka kupanda atabasamu kwanza. Msichana ameinamisha macho kama alivyofunzwa. Watu wazima tumejaa pale, wenye vikapu, wenye watoto, kila mtu anaangalia simu yake. Nilisema kwa sauti ile ya Abbasiya, ila kwa Kiswahili na kwa adabu ya kwetu: "Kaka, mwachie mtoto wa watu mkono." Kimya kidogo. Kisha dereva bodaboda aliyekuwa kando akasema, "Kweli konda, hebu mheshimu mtoto." Mama mwenye kikapu cha dagaa naye akadakia, na mwingine, na mwingine. Konda akamwachia. Msichana akapanda, akakaa dirishani.

Wengi waliokuwa stendi ile hawajui kwamba alichokifanya konda ni kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, kifungu cha 138D, kinasema anayemsumbua mwenzake kijinsia kwa maneno au vitendo anaweza kufungwa hadi miaka 5. Kifungu hicho kimo kwenye sheria tangu ile ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Hakijabandikwa kwenye daladala hata moja niliyowahi kupanda, na naomba vyama vya wasafirishaji vikibandike.

Nawe mzazi unayempeleka binti yako kusoma ugenini, iwe Cairo, Delhi au Muscat, zungumza naye jambo hili kabla hajaondoka. Usiishie kwenye mavazi. Muulize: ukishikwa na mtu ndani ya basi, utasema nini? Mwache aseme, hapo hapo sebuleni, kwa sauti, mpaka itoke tumboni, na akifika ajifunze maneno hayo kwa lugha ya huko kabla ya kujifunza bei za sokoni. Mwambie likimpata akupigie simu, na akupigie bila kuogopa kwamba utamuuliza alikuwa amevaa nini. Kama anakwenda Misri, mwandikie namba hizi kwenye karatasi, maana simu huibiwa: polisi ni 122, na ofisi ya malalamiko ya Baraza la Taifa la Wanawake ni 15115.